Kontre ya Baba Mkwe

Maliro alisema "kontre", na Salomon akasema "passe". Taabu yote ilianzia hapo.

Kama Salomon angetaja neno lingine lolote, hata la kijinga, mbuzi wa Vulamba angemaliza siku ile akiwa hai. Lakini alisema passe, tena kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, macho yameangukia magoti yake mwenyewe. Omer, aliyeketi kushoto kwake, alikumbatia karata zake kifuani akacheka kama mtu aliyeokota kuku njiani.

"Passe?" Maliro akauliza.

"Mezani hapana kuuliza, Papa Maliro," Simone akasema. "Mutoto amesha sema."

Omer alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Kasai aliyetumwa Beni miaka kadhaa iliyopita, mwenye tumbo la mtu ambaye mshahara wake huchelewa lakini hufika. Simone alikuwa mwalimu, naye kutoka mbali, na walicheza pamoja kwa sababu huko Beni hakukuwa na wengine wanaoujua mchezo huo. Mara mbili kwa mwaka walikutana na Maliro: mara moja kwake Butembo, mtaa wa Vulamba, mara moja kwa Omer huko Beni, upande wa Mulekera. Mwenye kushindwa alichinja mbuzi. Hiyo waliita mbuzi wa meza.

Mchezo wenyewe ni briji. Waliuleta mapadri wa zamani. Mmoja wao, Mbelgiji mwenye goti bovu, aliwafundisha makatekista ili mvua isimkute peke yake, kisha akafa akaacha makatekista na karata. Baba yake Maliro alikuwa katekista. Ndiyo maana huko Vulamba, katika nyumba ya Maliro, mfanyabiashara wa maharagwe, kuna meza ya kitambaa cha kijani ambayo ole wako ukiiwekea sahani.

Wanacheza wanne, wawili kwa wawili, kila mtu akitazamana na mwenzake. Kabla karata hazijaanguka kuna mnada. Kila mmoja kwa zamu yake anataja atakula pli ngapi na kwa rangi ipi: piki, kere, karo au trefle. Pli ni karata nne zilizoanguka mezani, mwenye kubwa akazizoa. Ukisema "piki moja" umeahidi pli saba kati ya kumi na tatu, na piki ndiyo turufu. Usiyekuwa na la kusema, unasema passe. Na ukiona mwenzio anajidanganya, unasema kontre, yaani hutazipata, na adhabu ipande.

Lakini kontre hiyo ni ya juu, mnada ukishapanda. Kontre ya chini, ile inayotupwa mara tu mpinzani anapofungua mdomo, ni kitu kingine kabisa. Hiyo si ya kumwambia mpinzani. Ni ya kumwambia mwenzako: rangi ya huyu bwana sina, zile nyingine tatu ninazo, na mkono wangu ni mzuri; basi weye chagua moja uiseme. Ni swali, na swali hujibiwa.

Salomon alikuwa ameelezwa hayo yote. Maliro alimweleza mara tatu wakiwa wanapanga viti. Tatizo halikuwa kichwa chake, lilikuwa mdomo wake.

Kijana huyu alizaliwa Musienene, kwenye viazi na ukungu, akashuka Butembo kutengeneza pikipiki. Huko alimpenda Kyakimwa, binti ya Maliro, aliyemletea pikipiki isiyokuwa na ubovu wowote mara nne. Mara ya nne alimwambia: "Bon, sema kitu basi, mbele ya kuivunja kweli." Baada ya hapo baba mdogo wa Salomon, Kasika, akaenda kwa Maliro kubisha hodi kwa niaba ya ukoo. Njiani Kasika alimpa kijana mafundisho yake.

"Mwenye kuoa hapana kusema," alimwambia. "Anasemewa. Weye kazi yako ni kuinamisha kichwa. Baba ya mutoto akiuliza, miye njo nitajibu. Ukifungua kinywa mbele yake, batasema hatukukulea."

Na Maliro, badala ya kutaja mbuzi wa mahari kama baba wengine, alitaja karata. Mwenzake wa miaka yote, Esdras, alikuwa amekwenda Kampala kutafuta bidhaa, akakawia mpaka watu wakaacha kuuliza anatafuta bidhaa gani.

"Mahari tutaisema kisha," Maliro alimwambia Kasika. "Kwanza huyu akae mbele yangu mezani. Nikiona kichwa chake kinatumika, tunafanya ndoa mbele ya Karema. Nikiona hakitumiki, Karema ipite, na Pasaka ipite, na miye nitakuwa ningali nafikiri." Karema ni Kwaresima, na Kwaresima haifungi ndoa.

Kwa hiyo siku ile Salomon hakuwa anacheza karata. Alikuwa anacheza Kyakimwa. Na ilipotokea Omer kufungua kwa piki moja, Maliro kutupa kontre, Simone kupita, na Maliro kumtazama akingoja jibu, kijana aliona kitu kimoja tu: baba mkwe ameuliza, na yeye ni mwenye kuoa. Shingo ikainama yenyewe. Passe.

Simone alikuwa amepita makusudi, maana karata alikuwa nazo. Tangu asubuhi alikuwa amemtazama kijana huyo akipokea chai kwa mikono miwili na kuishukuru kabla haijamiminwa. Mwalimu anamjua mwanafunzi asiyeinua mkono.

Omer aliahidi pli saba, akala tisa, na pli za ziada chini ya kontre zinalipwa kama mchawi amezihesabu. Mkono wa Salomon ulipofunuliwa, kere tano zilikuwa zimekaa pale zikimsubiri azitaje.

Maliro alizihesabu kwa kidole.

"Ulikuwa na kere tano."

"Ndiyo, Papa."

"Nilikuuliza."

"Ndiyo, Papa."

"Na ukapita."

"Ni heshima, Papa."

Kule mlangoni Kyakimwa alikimbilia jikoni, na muda mfupi baadaye sufuria zilisikika zikianguka, au ni mtu aliyekuwa anacheka juu ya sufuria.

"Heshima!" Omer akapiga meza. "Papa Maliro, huyu mukwe asipotee. Mukae naye. Kila mwaka mumulete."

Mama Kahongya, mke wa Maliro, ndiye aliyekwenda kumfungua mbuzi. Omer alikula mguu wote wa nyuma, akafunga mbavu kwenye jani la ndizi, kisha wakaondoka mapema kwa sababu ya barabara. Maliro hakula. Aliwaambia watu tumbo linamuuma. Salomon naye hakula, kwa heshima.

Kyakimwa alimfuata kesho yake gereji. Alimkuta ameketi kati ya magurudumu, mikono imejaa oili, uso umejaa Pasaka.

"Nawa mikono," alimwambia. Akatoa pakiti ya karata kwenye pagne aliyojifunga, akapanga mikono minne juu ya kiti cha pikipiki ya mteja. Alikuwa amekua nyuma ya kiti cha baba yake, akileta chai na kuiba mchezo. Hakuna aliyewahi kumkaribisha kucheza, kwa hiyo hakuna aliyejua anajua.

"Niko Papa," alisema, akakunja uso mpaka ukafanana kweli. "Omer amesema piki moja. Miye kontre. Simone passe. Weye?"

"Miye nina karata mbaya."

"Sijauliza kama nzuri. Nimekuuliza ipi."

"Lakini Kyaki, mutu hana kitu, anajibu nini mbele ya wakubwa?"

"Asiye na kitu njo wa kwanza kusema! Ukinyamaza, Omer anacheza piki yake, anakula, na karata mbaya yako inakuwa mbaya zaidi. Sema hata trefle mbili. Sema chini, sema na woga, mais sema. Na ukiwa na kitu kingi, hapana kusema chini. Ruka. Papa anapenda mutu anaruka."

Walifanya hivyo siku nyingi, mchana, wakati wa watu kula. Alimpigia kontre akiwa na spana mkononi. Alimpigia kontre akiwa chini ya injini. Mara moja walipita kanisani, na wakati wa amani, watu wakishikana mikono, alimnong'oneza "kere moja, kontre", naye akajibu "piki moja" kwa sauti ya kutosha hata Mama Kahongya akageuka.

Mwishoni alimfundisha jambo moja la ziada, akiwa anakusanya karata.

"Iko siku moja tu ya kunyamaza kwenye kontre ya chini. Ukiona ile rangi ya Omer imejaa kwako. Yeye anasema piki, na piki zote nzito ziko mu mukono yako. Pale, hapana kumutoa. Mwache aingie ndani, na funga mulango."

"Na Papa atajua kama si heshima?"

Kyakimwa alifikiri. "Hapo," alisema, "ni weye na Mungu."

Siku ya kwenda Beni walipanda gari la asubuhi, Maliro mbele, Salomon nyuma juu ya magunia ya maharagwe. Walipofika Mulekera, kabla ya kuingia kwa Omer, Maliro alimshika kijana kwenye bega, kando ya mashamba ya mihogo, mahali ambapo hapakuwa na wa kuwasikia.

"Sikia vizuri. Leo nikikuuliza, na unyamaze juu ya heshima, hapana kurudi kwangu. Hata kuleta salamu hapana. Kyakimwa nitamutafutia mutu mwenye kelele."

"Nimesikia, Papa."

"Unaona? Umejibu. Haikuuma."

Kwa Omer kulikuwa na mbuzi wa rangi ya kahawa na maziwa amefungwa nje, anatafuna. Omer aliwaonyesha.

"Huyu hapana juu yenu," alisema. "Ni wangu wa kufuga. Yenu muliacha Butembo, au? Tutawaletea hata hapa, mutalipa kisha."

Walicheza. Asubuhi ilikwenda sawa kwa sawa, mnada wa kawaida, hakuna kontre hata moja. Salomon alishika karata zake, akasema alichopaswa kusema, na Omer hakuona tofauti yoyote, kwa sababu macho ya kijana yalibaki magotini. Aliyekwambia nyoka hujikunja kwa uoga, muulize panya.

Kisha ukaja mkono wenyewe, na hesabu ilikuwa sawa kiasi kwamba mshindi wa huo ndiye mshindi wa siku.

Salomon alifungua karata zake akaona piki. Bibi, mtumishi, kumi, tisa, nane: tano zimefuatana kama ndugu kwenye foleni ya maji. Kingine hakuna. Akazikunja upesi.

"Piki moja," Omer akasema.

"Kontre," Maliro akasema.

"Passe," Simone akasema.

Nje, mbuzi alikohoa.

Salomon alisikia sauti ya Kyakimwa ikisema mwache aingie ndani. Akasikia pia sauti ya Maliro kando ya mihogo: hata kuleta salamu hapana. Alikuwa na njia salama kabisa. Angesema trefle mbili, Maliro angefurahi, wangeshindwa kwa adabu, na pengine ndoa ingekuwepo. Mtu mwenye akili ya kawaida angesema trefle mbili.

Salomon aliinamisha kichwa. Akaunganisha mikono kama mtu anayepokea chai. Kisha, kwa sauti ileile ya Vulamba, sauti ya kuomba radhi, akasema:

"Passe."

Omer karibu aanguke na kiti. Alikuwa na piki tano, asi, karata kubwa kuliko zote, na mfalme mbele, na alama za kutosha, na alikuwa na kumbukumbu ya mbavu zile kwenye jani la ndizi. Mbele yake aliona mkono ule wa Vulamba ukirudi, mkwe yuleyule, shingo ileile.

"Surkontre!" alisema, yaani adhabu au faida, vyote vizidishwe tena mara mbili. "Na mutoto asiguswe! Heshima ni kitu kizuri!"

Zamu ikarudi kwa Maliro, na hapo jasho la Salomon lilianza kushuka mgongoni. Maana Maliro alikuwa bado na haki ya kukimbia. Angeweza kutaja rangi nyingine yoyote na kumtoa Omer kwenye mtego, akidhani anajiokoa yeye. Na mwenzako huwezi kumwambia kitu. Huwezi kukohoa, huwezi kukonyeza. Salomon alikuwa amesema neno moja, na neno hilo lilikuwa lilelile lililomuua mbuzi wa kwanza.

Maliro alimtazama. Alitazama kichwa kilichoinama, mikono iliyounganishwa. Damu ilimpanda usoni, ikashuka. Akafungua mdomo, na Salomon akaona kere mbili zinatoka. Zikarudi.

Maliro alikuwa mtu wa maharagwe, na mtu wa maharagwe anajua kupima gunia bila kulifungua. Omer hakuwepo kule kwenye mihogo. Omer hakusikia. Lakini huyu kijana alisikia, na anamtaka Kyakimwa mpaka analala na mafuta ya injini. Mtu wa namna hiyo, aliyeambiwa vile, hawezi kunyamaza kwa heshima. Ama ana kichaa, ama ana piki.

"Passe," Maliro akasema polepole, kama mtu anayetia saini.

Simone alimtazama Salomon kwa mara ya kwanza siku ile, akamtazama sawasawa, na rangi ikamtoka. Lakini yeye naye hakuwa na pa kukimbilia. "Passe."

Salomon akapita tena, mnada ukafungwa, na Maliro ndiye aliyeanza kucheza. Alikuwa na piki moja tu mkononi, na hiyo ndiyo aliyoiweka mezani, moja kwa moja, bila kufikiri. Wachezaji wanajua maana yake: ukimwamini mwenzako aliyenyamaza, unamwanzia turufu. Salomon aliiona ile piki ndogo ikiwa pale kwenye meza akataka kuibusu.

Yaliyofuata hayakuchukua muda. Omer alivuta asi, akavuta mfalme, akaona kijana anatoa nane, anatoa tisa, na bado ana nyingine. Akaacha kuvuta. Akahesabu kwa vidole chini ya meza. Aliahidi pli saba, akapata nne.

"Ulikuwa nazo," alisema.

"Ndiyo, Papa Omer."

"Na ukainamisha kichwa."

"Ni heshima, Papa Omer."

Maliro alicheka mpaka akalazimika kutoka nje, akamwegemea mbuzi. Simone alikusanya karata, akazipiga mezani zinyooke.

"Omer," alisema, "mutu akinyamaza mara ya kwanza, mucheke. Akinyamaza mara ya pili, kwanza uulize juu ya nini."

"Ungeniambia mbele!"

"Mezani hapana kuambia."

Mbuzi wa kufuga hakufugwa tena. Maliro alikula mguu wa nyuma na wa mbele, akafunga mbavu kwenye jani, na safari ya kurudi Salomon aliketi mbele, katikati ya dereva na baba mkwe, na magunia yakakaa peke yao nyuma.

Hadithi ingeishia hapo kama mahari ingekuwa imeshasemwa.

Kasika alishuka kutoka Musienene Jumamosi iliyofuata, amevaa koti, pamoja na wazee wawili wa ukoo. Alikuwa amejipanga. Alijua Maliro atataka mbuzi kumi, yeye ataanza na wanne, watapanda na kushuka, watakunywa kasiksi ya ndizi, na jioni watakutana kwa sita. Alikuwa amewachagua hao sita kwa majina. Kabla ya kuingia alimkumbusha Salomon mafundisho.

"Kichwa chini."

"Ndiyo, baba mudogo."

Waliketi. Wakasalimiana kirefu. Kasika akasema maneno mazuri juu ya ua lililoonekana kwenye boma hili, kisha akashuka kwenye jambo.

"Sisi ni batu ya viazi, hatuna mengi. Tumeleta mbuzi ine."

Maliro alimwangalia Kasika, akamwangalia Mama Kahongya, kisha akageuka polepole kwenye kiti chake mpaka akamwelekea Salomon, uso kwa uso, vilevile walivyokuwa wakitazamana mezani. Kyakimwa, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, aliuona uso wa baba yake na akaelewa, akaanza kutikisa kichwa, hapana, hapana. Alichelewa.

"Na weye, mukwe?" Maliro akauliza kwa upole. "Weye unasema nini?"

Siku zote zile. Spana mkononi, chini ya injini, kanisani. Swali hujibiwa. Na ukiwa na kitu kingi, hapana kusema chini, ruka. Na siku ile Salomon alikuwa na kitu kingi: alikuwa na Kyakimwa mlangoni na Karema bado haijafika.

"Kumi na mbili," alisema, kichwa juu.

Kasika alitoa sauti kama gurudumu lililochomwa msumari.

"Wasingya," Maliro akasema, yaani asante, akampa mkono Salomon kabla mtu hajavuta pumzi. "Mutoto amejibu vizuri. Amesha sema, haiwezi kurudi. Kahongya, leta kasiksi."

"Hapana yeye anasema!" Kasika alipiga kelele. "Miye njo nasema! Yeye anasemewa!"

"Ilikuwa vile," Maliro akasema. "Mais mulimuleta kwangu ananyamaza, nikamutengeneza."

Walioana kabla ya Kwaresima, kama ilivyoahidiwa. Kasika alikuja kanisani lakini alikaa upande wa wanawake, ili asimwone bwana harusi.

Gharama ilikuwa hii. Mbuzi kumi na wawili wa mahari, pale Kasika alipopanga sita. Mbuzi mmoja wa meza ya Vulamba, ambaye Maliro alikumbuka baadaye kwamba aliuawa na mkwe, si na yeye, hivyo alipwe. Jogoo mmoja wa kumpoza Kasika, na wa pili, kwa sababu wa kwanza alikataliwa. Jumla, mbuzi kumi na watatu na jogoo wawili.